Nani Anapita Kesho Asubuhi? Utangulizi wa Mjadala wa Mapambano ya Majini

Jioni moja ya Februari mjini Louisville, katika ukumbi wa chini wa kanisa tulioazimwa pamoja na viti vyake na birika la chai, nilikuwa nikieleza jinsi Waingereza na Wabelgiji walivyowapokonya Wajerumani Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilikuwa nimefika mwisho, pale Wajerumani wanapoizamisha meli yao kubwa kwa mikono yao wenyewe. Mzee mmoja mzaliwa wa Baraka, upande wa Fizi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, unasema Mdachi alishindwa. Mimi mwaka 1997 nimerudi Uvira kutoka Kigoma ndani ya meli ya huyo Mdachi. Za hao walioshinda ziko wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, halafu nikatafuta jibu nikalikosa, tukafunga kipindi mapema kwa kisingizio cha theluji. Kurasa zinazofuata zimetokana na swali lile, na utangulizi huu ni jibu langu lililochelewa.

Nimekuwa nikisoma historia ya vita vya majini pamoja na watu wazima wanaozungumza Kiswahili katika miji mitatu ya Marekani: Louisville jimboni Kentucky, Columbus jimboni Ohio, na Buffalo jimboni New York. Wengi wao ni Wakongo wa Kivu na Tanganyika. Wapo Warundi, Watanzania, Wakenya, na huko Columbus wapo watu wa Barawa ambao lahaja yao, Chimiini, hunilazimu kutega sikio mara mbili. Hakuna hata mmoja wa miji hii ulio ufukweni mwa bahari. Louisville na Columbus zimekaa kando ya mito, Buffalo imekaa kwenye ncha ya ziwa. Nilipoanza niliona hilo ni upungufu. Siku hizi naona ni bahati, kwa sababu mtu aliyekulia ziwani hadanganyiki kirahisi na hadithi za bahari kuu. Anajua maji ni njia, na anajua njia inapofungwa ni nani anayelala njaa.

Fani hii ina wazee wake, na mgeni anapaswa kuwaamkia kabla ya kubishana nao. Mwaka 1851 Mwingereza Edward Creasy alichapisha kitabu cha mapambano 15 aliyoyaona yaliamua mwendo wa dunia. Ukiitazama orodha yake kwa macho ya baharia unashangaa: pambano la majini hasa ni moja tu, kushindwa kwa Armada ya Hispania mwaka 1588. Sirakusa imo, lakini ile ilikuwa nusu maji nusu nchi kavu. Salamis haimo. Trafalgar haimo, na mwandishi ni Mwingereza! Miaka 39 baadaye akaja Mmarekani Alfred Mahan, ofisa wa jeshi la majini, akageuza meza. Kwa Mahan, taifa linaloitawala bahari ndilo linaloandika historia, na njia ya kuitawala ni kuzikusanya manowari zote pamoja na kuzipiga za adui hadi zisalimu amri. Wafalme na mawaziri walimsoma kama msahafu. Kisha mwaka 1911 Julian Corbett wa London, mwanasheria aliyegeuka mwanahistoria, akakumbusha jambo ambalo kila mvuvi wa Kalemie analijua: binadamu haishi majini. Anaishi nchi kavu, kwa hiyo pambano la majini lina maana kwa kadiri linavyobadilisha mambo ya nchi kavu, na mara nyingi kinachogombewa majini ni haki ya kupita.

Mimi ni wa Corbett. Nasema mapema ili msomaji ajue anakula chungu cha nani. Kipimo ninachokitumia darasani ni swali moja dogo: pambano limekwisha, moshi umeondoka, je, kesho asubuhi nani anapita? Shehena ya nani itafika, unga wa nani utaisha? Idadi ya meli zilizozama huja baadaye, na wakati mwingine haiji kabisa. Kipimo hiki kina kasoro zake, na Buffalo ndiyo iliyonionyesha moja kubwa.

Twende Columbus kwanza. Ndani ya jengo la bunge la jimbo, chini ya kuba, umetundikwa mchoro mkubwa wa William Powell uliokamilika mwaka 1865. Kijana mwenye sare ya ofisa amesimama ndani ya mashua ndogo, mabaharia wanapiga makasia, moshi na matanga yaliyochanika yamejaa nyuma yake. Huyo ni Oliver Hazard Perry, umri miaka 28, na siku ni tarehe 10 Septemba 1813 katika Ziwa Erie. Wanafunzi wangu humtazama wakauliza swali ambalo wageni wengine hawaulizi: kwa nini nahodha anaihama meli yake?

Marekani na Uingereza zilikuwa vitani tangu mwaka 1812. Waingereza walikuwa wameiteka Detroit, na jeshi lao la magharibi pamoja na mataifa ya wenyeji waliokuwa upande wao, wakiongozwa na Tecumseh wa Washawnee, lililishwa kwa njia ya ziwa. Barabara za msituni hazikutosha. Perry aliunda meli huko Erie, Pennsylvania, kwa mbao mbichi, na nyingine zikaletwa kutoka Black Rock, kitongoji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Buffalo. Alipokwisha kuzitoa zote akaenda kukaa kwenye visiwa vya magharibi mwa ziwa, akaziba njia. Upande wa pili, huko Amherstburg, kamanda Mwingereza Robert Barclay, aliyekwisha kupoteza mkono mmoja katika vita vya awali, aliangalia ghala la unga likifika chini. Alitoka kupigana kwa sababu ya njaa. Natamani kila kitabu cha shule kingeanzia hapo, kwenye pipa tupu la unga, badala ya kuanzia kwenye bendera.

Perry alikuwa na vyombo tisa, Barclay sita. Asubuhi upepo ulikuwa mdogo na ulimkalia Perry vibaya, kisha ukageuka, naye akawa joshini. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi: aliye joshini ndiye anayechagua saa ya kusogea. Mizinga mikubwa ya Perry ilikuwa mifupi, ya kupiga karibu, kwa hiyo kusogea ndiko kulikompa nguvu. Meli kubwa ya Barclay, Detroit, ilikuwa imepewa mizinga ya kuokoteza kutoka ngomeni, na vifaa vya kuiwashia vilikuwa vibovu kiasi kwamba mabaharia walifyatua bastola juu ya baruti ili mzinga ulie. Hata hivyo kwa zaidi ya saa mbili Lawrence, meli ya Perry, ilipigwa peke yake. Kati ya kila mabaharia watano waliokuwa na afya asubuhi ile, wanne walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Meli ya pili kubwa, Niagara, chini ya Jesse Elliott, ilibaki nyuma ikipiga kwa mbali. Ndipo Perry alipoteremka mashuani, akapigiwa makasia hadi Niagara, akaichukua, akaipenyeza katikati ya safu ya adui. Detroit na meli nyingine ya Waingereza, Queen Charlotte, zilinasana zikijaribu kugeuka. Dakika chache baadaye Waingereza waliteremsha bendera. Wamarekani 27 walikufa, Waingereza 41.

Ndani ya meli za Perry walikuwemo karibu watu mia moja kutoka Kentucky, wawindaji wa msituni walioazimwa na Jenerali William Henry Harrison ili wapige bunduki kutoka juu. Walikuwemo pia mabaharia weusi wengi. Perry, alipopokea kundi mojawapo la wanamaji kutoka Ziwa Ontario, alinung'unika kwa mkuu wake Isaac Chauncey kwamba ameletewa mchanganyiko wa watu weusi, askari wa nchi kavu na watoto. Chauncey alimjibu kwa ukali kwamba rangi ya ngozi haipimi baharia, kwamba yeye mwenyewe ana weusi wapatao 50 melini mwake na wengi wao ni miongoni mwa watu wake bora. Nilipowasomea hayo Columbus, kijana mmoja anayefanya kazi ya usiku kwenye bohari la mizigo alisema, "Hata huyo bosi alikuwa analalamika kuhusu watu wa shifti." Sijapata muhtasari bora wa barua ile.

Sasa kesho yake nani alipita? Hapa kipimo changu kinang'aa. Mwishoni mwa Septemba meli za Perry ziliwavusha askari wa Harrison hadi upande wa Kanada. Waingereza, njia yao ya chakula ikiwa imekatika, walirudi nyuma, na Tecumseh aliwalaumu mbele ya watu kwa kukimbia. Tarehe 5 Oktoba 1813 aliuawa kwenye pambano la mto Thames, ambapo wapanda farasi wa Kentucky waliongozwa na Richard Mentor Johnson, mzaliwa wa Beargrass, mahali ambapo leo ni Louisville. Johnson alitembelea sifa ya kumuua Tecumseh mpaka akawa makamu wa rais. Miezi michache kabla, mwezi Juni, Harrison alikuwa ameketi Franklinton, ng'ambo ya mto kutoka Columbus iliyokuwa changa, akiwabana machifu wa Wawyandot, Wadelaware, Washawnee na Waseneca wachague upande. Kwa mataifa yale ziwa lilifunga ukurasa. Hakuna dola kubwa ya kigeni iliyosimama tena nyuma yao katika nchi ile. Ukiuliza umuhimu wa Ziwa Erie, jibu zito kuliko yote liko kwa watu ambao hawakuwa na hata meli moja pale.

Lakini Buffalo. Tarehe 10 Desemba 1813 wanamgambo wa Marekani waliuchoma moto mji wa Newark upande wa Kanada, wakawaacha wanawake na watoto kwenye theluji. Kisasi kilikuja haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba Waingereza na washirika wao wenyeji walivuka mto Niagara kwa mashua, wakaingia Black Rock na Buffalo, wakachoma karibu kila nyumba. Wakachoma pia vyombo vinne vilivyokuwa vimelala pale kwa majira ya baridi: Ariel, Trippe, Chippewa na Little Belt. Vyote vinne vilikuwepo siku ya ushindi, viwili vikiwa vya Perry na viwili vikiwa nyara zake. Ziwa lilikuwa la Wamarekani tangu Septemba, na mji ulio kwenye ncha ya ziwa hilo ukageuka majivu Desemba. Anayetawala ziwa majira ya joto si lazima atawale mto usiku wa baridi. Kipimo changu kiliuliza kuhusu kesho asubuhi, kikasahau kuuliza kuhusu miezi mitatu baadaye.

Mama mmoja wa Uvira anayeishi Buffalo, ambaye hufika darasani na daftari la hesabu la mwanawe, alisema mji huu haukupata uhai wake kwa Perry, ulipata kwa mfereji. Ana hoja. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, nafaka ya magharibi ikaanza kupita Buffalo kwenda New York, na mji ukakua. Namjibu kwamba mfereji usingeweza kuunganishwa na ziwa lenye manowari za adui. Ananijibu kwamba amani ya mwaka 1814 ilitiwa saini Ghent, huko Ulaya, na mipaka ikarudi ilipokuwa kabla ya vita, Perry au si Perry. Bado hatujamaliza.

Wala Wamarekani wenyewe hawajamaliza. Perry kwanza alimsifu Elliott katika ripoti yake, kisha wakagombana. Mwaka 1818 Elliott alimtaka wapigane kwa bastola, Perry akakataa, akapeleka mashtaka rasmi, na mwaka uliofuata akafa kwa homa ya manjano. Ugomvi haukuzikwa naye. Mwandishi wa riwaya James Fenimore Cooper, katika historia yake ya jeshi la majini ya mwaka 1839, alikataa kumlaani Elliott, akashambuliwa magazetini, akafika hadi kumshtaki mhariri mmoja wa New York. Fikiria: miaka karibu thelathini baada ya moshi kutoweka, watu wanapelekana kwa wanasheria kuhusu kwa nini meli moja ilichelewa. Mwaka 1882 kijana wa miaka 23 aliandika kitabu juu ya vita vile, akahesabu uzito wa mizinga ya pande zote, akakuta Perry alikuwa na nguvu karibu maradufu, na akasema sifa kubwa zaidi anastahili Thomas Macdonough aliyeshinda Ziwa Champlain tarehe 11 Septemba 1814. Kijana huyo, Theodore Roosevelt, alikuja kuapishwa urais mwaka 1901 katika nyumba moja ya Buffalo, baada ya William McKinley kupigwa risasi mjini humo. Perry hata hivyo ana nguzo ya mita 107 huko Put-in-Bay, na milimani mwa Kentucky kuna wilaya ya Perry ambayo makao yake makuu yanaitwa Hazard. Hesabu ya Roosevelt ilikuwa sahihi na haikuing'oa sanamu hata moja.

Karibu na mwaka uleule wa 1812, mahali tofauti kabisa, majahazi yaliwashusha watu wa Pate na jeshi la Wamazrui wa Mombasa kwenye ufukwe wa Shela, kisiwani Lamu. Watu wa Lamu waliwashinda. Simulizi za Lamu zinasema walioshindwa walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamekaa mchangani, na hapo ndipo walipouawa wengi. Je, hilo ni pambano la majini? Hakuna chombo kilichopiga chombo. Lakini aliyeamua mwisho wa siku ile alikuwa maji, na mimi ninaliingiza kwenye kitabu bila kuomba radhi.

Lamu, ikihofia kisasi, ilimwomba msaada Said bin Sultan wa Oman. Kupitia mlango ule Busaidi, ukoo wake, waliingia kaskazini mwa pwani. Mombasa ikaanguka mikononi mwao mwaka 1837, Unguja ikawa makao ya sultani, misafara ya pembe za ndovu ikafika Ujiji, ikavuka ziwa hadi Manyema, na Kiswahili kikaenda nayo. Siku niliyofikia hapo, Columbus, mtu mmoja alipiga meza: "Basi bila Shela sisi tusingekuwa tunazungumza Kiswahili hapa Ohio!"

Huu ndio mtego mtamu kuliko yote katika fani yetu, na naomba msomaji auonje kabla ya kuutema. Mnyororo wa sababu ukiwa mrefu hivyo, kila pete inaonekana chuma, kumbe nyingine ni kamba. Pembe zilitakiwa India, Ulaya na hapahapa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikuwa wakifika Unguja kwa pembe na gundi, na kitambaa walicholeta kiliitwa amerikani bara zima. Oman na Marekani zilitiliana saini mkataba mwaka 1833. Hamu hiyo ingetafuta bandari yoyote. Na Kiswahili cha Kongo kilijengwa pia na misheni, na utawala wa Wabelgiji na migodi ya Katanga. Shela ilifungua mlango. Waliopita mlangoni walikuwa na sababu zao.

Mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa kimya muda wote ndiye aliyetoa hoja ninayoiheshimu mpaka leo. Alisema Wamazrui wangeshinda, misafara ingetoka Mombasa vilevile, ila mwaka 1928 mkutano ulipokaa kuchagua lahaja ya kusanifisha ungechagua Kimvita, na wa Kiunguja ndio wangekuwa wanasahihishwa. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa! Watu wa Kongo walicheka kwa sababu wao husahihishwa kwa vyovyote vile. Kuwaza historia ambayo haikutokea kuna faida hiyo: kunapunguza ukubwa wa jambo mpaka linaenea kiganjani. Pambano huenda halikuamua kama tutazungumza, liliamua lafudhi.

Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniletea vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, kwa sababu vinasifika kuwa vifupi kuliko vyote, dakika 38 hivi. Manowari za Uingereza zilipiga kasri ya sultani Khalid bin Barghash, meli yake, Glasgow, ikazama bandarini, watu wapatao 500 upande wa Unguja wakauawa au kujeruhiwa, na baharia mmoja Mwingereza akajeruhiwa. Unguja ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890. Ukiniuliza, jina la vita hivyo ni kubwa kuliko kazi yake, na ile saa iliyopimwa kwa dakika imewapa watu mzaha mahali palipostahili matanga.

Kinyume chake ni pambano lililousaidia mji wa Louisville kubaki wa Marekani. Mji huo ulipewa jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa mwaka 1780, kwa shukrani ya msaada wake katika vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Septemba, manowari 24 za Kifaransa chini ya de Grasse zilikutana na 19 za Kiingereza kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake. Wakapigana saa chache, hakuna meli iliyotekwa. Ukihesabu mbao zilizovunjika utasema sare. Lakini Waingereza waliondoka, Wafaransa wakabaki mlangoni, na tarehe 19 Oktoba jenerali Mwingereza Cornwallis, aliyenasa Yorktown bila chakula wala njia ya kutoka, akasalimu amri. Darasani hapo sihitaji kueleza sana. Nasema tu "nani alipita?" na wanajibu kwa pamoja.

Sasa nirudi kwa mzee wa Baraka.

Mwaka 1914 Wajerumani waliiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune, wakawa mabwana wa Ziwa Tanganyika kwa vyombo viwili vidogo, Hedwig von Wissmann na Kingani. Huko Kigoma walikuwa wakiunganisha meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani. Ilishushwa majini Februari 1915. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huohuo. Waingereza walishangilia kuizamisha, lakini mizinga yake ilitolewa ikapelekwa kupigana nchi kavu, na mmoja ukapanda meli nyingine kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini. Ndiyo maana naogopa neno "kuangamizwa".

Uingereza ilileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, urefu mita 12 kila moja, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Ziliteremshwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikashuka mto Lualaba, zikafika ziwani mwishoni mwa Oktoba 1915. Vitabu vya Kiingereza vinapenda kisa hiki kwa sababu Spicer-Simson alikuwa na vituko vyake na alivaa sketi. Mimi napenda watu waliojenga madaraja zaidi ya 100 ili mashua zile zipite. Walikata miti, walichota maji ya kunyweshea boila kwenye ukame, na majina yao hayamo katika orodha ya washindi. Katika vita vile wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao iliyo wazi zaidi kwa Mtanzania ni jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jina la kikosi cha wapagazi.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, ikabatizwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Götzen ilipotokea, Spicer-Simson hakuisogelea. Mzinga wake ulikuwa unapiga mbali kuliko chochote alichokuwa nacho. Baadaye mzinga ule ulihitajika nchi kavu ukang'olewa, ukawekwa wa mti uliopakwa rangi, na hilo adui hakulijua. Wabelgiji wakaleta ndege za majini kuipiga Kigoma. Majeshi yao yalipokaribia mwezi Julai, Wajerumani walizipaka injini grisi nene na kuizamisha meli kwa utaratibu, kama mtu anayefukia akiba. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hesabu ya Mahan, ushindi ni wa Waingereza, haubishaniwi. Kwa hesabu ya Corbett, ziwa lilipofunguka Wabelgiji walipita, na mwezi Septemba 1916 walikuwa Tabora. Kwa hesabu ya mzee, Mimi na Toutou zimekwenda zilikokwenda, na meli iliyoshindwa iliwarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 mwaka 1997, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Umuhimu wa pambano hutegemea saa unayoamua kusimamisha hadithi. Mwanahistoria anayesema pambano fulani "liliamua" ameshika mkononi saa ya kusimamisha, na kazi ya msomaji ni kumwomba aionyeshe.

Niliporudi Louisville majira ya kuchipua nilimweleza mzee hayo yote. Alisikiliza, akavuta karatasi, akachora ziwa kwa kalamu ya rangi ya mjukuu wake, refu na jembamba kama pilipili, akaweka nukta Kigoma na nukta Uvira. Akasema usiku ule hakulala, alikaa karibu na chumba cha injini kwa sababu kulikuwa na joto, akaisikiliza injini ya Mdachi mpaka alfajiri.

Nikamwambia, kwa upole niliouweza, kwamba injini ya mvuke ya Wajerumani iliondolewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli, kwa hiyo mwaka 1997 asingeweza kuisikia.

Alifunika kalamu. "Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwemo?"